Kamba ya Fahali wa Pemba

Fahali wa Pemba hauawi. Kila anayeutetea mchezo wa ng'ombe huanzia hapo, na ana haki ya kuanzia hapo, kwa kuwa ni kweli. Hakuna upanga uwanjani, hakuna vyuma vyenye mapambo vinavyochomekwa mabegani, hakuna damu ya kufukiwa mchanga ili fahali wa pili aingie. Huletwa akiwa amefungwa kamba, vijana humchokoza kwa vitambaa na kumkwepa, na umati hupiga vigelegele. Mwisho husifiwa, pengine huvishwa majani na maua na kutembezwa kijijini, kisha hurudi kwa mwenyewe.

Niliyajua hayo yote kabla sijavuka bahari kwenda Pemba, na bado nilikwenda na moyo mzito. Mimi ni mtu wa Muleba, mkoani Kagera. Nimekulia mahali ambapo harufu ya samadi ni harufu ya riziki, na nimefundishwa kumtazama ng'ombe masikio na macho kabla sijamsogelea. Nilitaka kujua kama uzito huo wa moyo ulikuwa na sababu.

Wengi watakwambia kwamba mchezo huu waliuacha Wareno. Haishangazi. Vasco da Gama alifika pwani hii mwaka 1498, na Waarabu wa Oman waliitwaa Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698. Miaka mia mbili inatosha watu kuachiana mazoea. Lakini anayeishia kwa Wareno hajaona kitu. Mchezo huu una majira yake, nayo ni ya Kipemba: kiangazi, jua likiwa kali, kabla ya masika, na wazee huuhusisha na kuomba mvua. Karafuu, ambazo fedha yake ndiyo huwavisha watu kanga mpya siku hiyo, zilistawi visiwani katika karne ya 19, Wareno wakiwa wameondoka zamani. Zumari, ngoma na nyimbo za akina mama havikutoka Lisbon. Kama mbegu ililetwa na jahazi la mgeni, aliyeimwagilia na kuyala matunda yake ni Mpemba, vizazi kwa vizazi. Kwa hiyo simsikilizi mtu anayetaka mchezo huu ufutwe kwa kuwa ni wa kikoloni. Tukianza kufuta kwa kipimo hicho, huku kwetu Bukoba si tutaanza na makanisa?

Kengeja, kusini mwa kisiwa, ni mojawapo ya vijiji vinavyotajwa sana kwa mchezo huu, pamoja na Wingwi upande wa kaskazini. Anayekwenda akitafuta jengo hataliona. Ni kiwanja chenye nyasi zilizokanyagwa, miti pembeni, watoto matawini. Hilo lilinifikirisha kuliko nilivyotarajia. Uwanja wa fahali wa Ronda, Hispania, ulifunguliwa mwaka 1785. Una nguzo za mawe, duara lake lina upana wa mita 66, na ndani yake mna makumbusho. Mtalii asiyependa kuona ng'ombe akichomwa anaweza kwenda siku isiyo na ng'ombe, akatazama nguzo, akapiga picha, akaondoka akisema alikwenda kutazama majengo. Jijini Maputo, uwanja uliojengwa na Wareno enzi za ukoloni ulibaki umesimama baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, mapigano yenyewe yakiwa yamekoma. Mawe hustahimili yote hayo, na humpa mgeni mahali pa kujificha.

Pemba haina mahali hapo pa kujificha. Kiwanja kinakuwa uwanja wa fahali pale tu fahali anaposimama katikati yake. Ukija siku nyingine utaona mbuzi wanakula majani. Kuutembelea ni kuwepo mchezo ukichezwa, na kama umetoa hela, kuwepo kwako ni sehemu ya sababu ya mchezo kuchezwa.

Nieleze nilichokiona. Kamba ilikuwa imara na ilishikwa na watu waliojua kazi yao. Fahali alikuwa mdogo kuliko wale wa kwetu wenye pembe ndefu, nundu imekaa vizuri, ngozi safi. Huyo hakuwa ng'ombe aliyetelekezwa. Mwanzoni alisimama tu. Kitambaa kikapita mbele ya uso wake, hakujali. Kikapita tena, na safari hii kijana aliyekishika alikanyaga chini kwa kishindo. Masikio yakageuka. Mchungaji yeyote wa Muleba angejua kilichofuata: kichwa kikashuka, mkia ukakaza, akatoka mbio. Kijana alimkwepa kwa ustadi ambao sitaficha kuwa niliupenda. Alizunguka kama mtu anayecheza ngoma, kwato zikapita karibu na nyayo zake, na wanawake wakaimba jina lake. Nilijikuta nimesimama kwa vidole vya miguu.

Kisha fahali akafika mwisho wa kamba, na kamba ikamgeuza shingo.

Hapo ndipo nilipoacha kumtazama kijana. Fahali alikwenda upande wa miti, kulikokuwa na upenyo, nako hakukuwa na mtu wa kumpiga pembe. Hakuwa akishambulia. Alikuwa akiondoka. Kamba ikamrudisha. Akajaribu upande mwingine, akarudishwa. Baada ya muda ulimi ulianza kutokeza na ute ukaning'inia mdomoni, mbavu zikawa zinapanda na kushuka haraka, na kitambaa kilipopita tena alishambulia kwa nguvu mpya, watu wakashangilia wakidhani ni ujasiri. Ng'ombe aliyekata tamaa ya kukimbia hugeuka. Tunalijua hilo zizini, na ndiyo maana wazee hutufundisha kutosimama mlangoni ng'ombe anapoogopa.

Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa karibu nami kama kamba ingeweza kulegezwa. Aliniangalia kwa upole akasema, "Mwanangu, tukimlegeza atatuulia watoto." Alisema kweli. Kamba ile inamlinda mtoto aliye mtini na mama aliye na kanga mpya. Lakini inamlinda mtu na hatari ambayo mtu mwenyewe ameiita.

Kwa nini jambo hilo limuume mtu wa Kagera? Siwezi kuzungumza juu ya ng'ombe kama mtu aliyewaona kwenye picha. Katika mushonge, nyumba yetu ya asili ya duara iliyoezekwa nyasi mpaka chini, ng'ombe walikuwa na sehemu yao ndani, chini ya paa lile lile la watu. Samadi yao ndiyo iliyokitengeneza kibanja, shamba la migomba la nyumbani. Udongo wa kwetu, unaonyeshewa mvua nyingi mwaka mzima, si tajiri kwa asili. Rweya, nyika ya majani inayozunguka vijiji, inaonyesha ardhi ingekuwaje kama isingelishwa. Migomba iliyosimama karne nzima mahali pamoja imesimama juu ya kazi ya ng'ombe: wanakula rweya, wanalala nyumbani, asubuhi kile walichokiacha kinapelekwa mashinani. Sotoka ilipowafagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, Wahaya hawakupoteza nyama na maziwa tu. Vibanja vilianza kudhoofu. Na kule Karagwe, katika hazina ya wafalme huko Bweranyange, mlikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, pembe zao zikiwa zimenyooshwa juu kwa mkono wa mhunzi aliyempenda mnyama huyo. Watu hawafui chuma kwa ajili ya kitu wasichokiheshimu.

Mtu atanijibu, na jibu lake nimeshajipa mwenyewe: Nyinyi Wahaya mnakula senene. Mwezi Novemba taa zinawashwa, wadudu wanamiminika, na familia nzima inakaa chini kunyonyoa mabawa na miguu ya kiumbe aliye hai. Hakuna anayeingiwa na huzuni. Watoto wanaimba. Na huyo fahali unayemlilia, ukimkuta bucha unamwuliza mwenye bucha kama ana mbavu.

Sitaki kulikwepa swali hilo kwa kusema senene ni chakula na mchezo wa ng'ombe ni anasa. Ni kweli, lakini hakutoshi. Nani alisema tumbo lina haki zote na furaha haina hata moja? Siku ya mchezo ndiyo siku ya kijiji kukutana, ya vijana kuonana, ya fundi wa zumari kuheshimiwa. Furaha ya watu wanaochuma karafuu kwa mikono, wakipanda miti mirefu inayovunja watu viuno, si kitu cha kudharauliwa na mgeni aliyeshuka kutoka ndegeni. Tena kuna mateso tunayoyafanya kwa ajili ya chakula ambayo hayana sababu yoyote. Nimeona ng'ombe wakipakiwa kwenye malori Muleba, wamebanana, aliyeanguka akiinuliwa kwa kupindwa mkia mpaka alie. Hakuna aliyenenepa kwa mkia ule kupindwa. Mtu wa Kagera anayekwenda Pemba kulalamika, na analipita lori lile bila neno, hajamhurumia ng'ombe. Amewaonea Wapemba haya tu.

Kwa hiyo kipimo changu hakiwezi kuwa damu, wala hakiwezi kuwa kama nyama iliishia sufuriani. Kipimo nilichotoka nacho Kengeja ni njia. Je, mnyama huyu, akitaka kuondoka, ana njia?

Kipimo hicho kilinirudisha mpaka ng'ambo ya ziwa letu. Ukitoka Bukoba ukalizunguka Ziwa Victoria kwa upande wa mashariki, utafika Kakamega, nchi ya Waisukha na Waidakho, ambako mafahali hupiganishwa wenyewe kwa wenyewe. Malinya, Shinyalu na Khayega ni majina yanayojulikana kwa hilo. Mapigano hufanyika asubuhi na mapema, mafahali wakisindikizwa na ngoma za isikuti, ngoma ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Chimbuko lake ni zito: fahali walitolewa kumuaga mzee mashuhuri aliyefariki. Leo kuna wenye mali wanaofuga fahali kwa ajili ya pambano tu, wanampa chakula maalumu, wanamtenga na majike, na pembeni watu wanapeana dau.

Wanaotetea Kakamega husema mafahali wangepigana hata kama binadamu asingekuwepo, na hapo pia wanasema kweli. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Nimewaona wa kwetu wakigongana vichwa malishoni, vumbi likapanda, na sikuwahi kuona ukatili. Lakini malishoni pambano huwa fupi. Anayeshindwa anageuka na kukimbia, mshindi anamfukuza hatua chache, kila mmoja anaanza kula majani upande wake. Upana wa rweya ndio unaowaamua. Malinya nako kukimbia ndiko kushindwa, ila anayekimbia anakutana na ukuta wa watu, fimbo na kelele, na aliyeshindwa mara nyingi safari yake ni ya bucha. Januari 2024 magazeti ya Kenya yaliandika habari za mtunzaji aliyeuawa na fahali wa mapigano aliyemlea mwenyewe. Njia ikizibwa, anayeumia si mnyama peke yake.

Hispania wanaziba njia kwa ukuta wa mbao. Ureno wana utetezi unaofanana sana na wa Pemba: tangu sheria ya mwaka 1928 fahali hauawi uwanjani. Mtalii anayeingia Campo Pequeno, uwanja wa matofali mekundu uliofunguliwa Lisbon mwaka 1892, anaambiwa hivyo, anapumua. Wasichomwambia ni kwamba vyuma vimeshaingia mgongoni, na kwamba fahali kwa kawaida huchinjwa baadaye, nyuma ya pazia. Hapo Pemba inawazidi Wareno kwa mbali, na ningependa wanaouita mchezo wa Pemba ushenzi walijue hilo kwanza. Huko huko Ulaya na Amerika ya Kusini watu wanabishana. Bunge la Catalonia lilipiga marufuku mapigano ya fahali mwaka 2010, Mahakama ya Katiba ya Hispania ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka 2016. Colombia ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuyakomesha baada ya kipindi cha mpito cha miaka mitatu. Wanaopigania marufuku hizo ni wenyeji, wanaojua nyimbo za uwanjani na majina ya babu zao waliocheza. Ndivyo inavyopasa. Pemba nako uamuzi ni wa Wapemba. Mambo ya mifugo si ya Muungano, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 iliyotungwa Bara haivuki bahari.

Basi mgeni ana neno gani? Analo moja, nalo linahusu mfuko wake.

Mchezo wa ng'ombe ulikuwa na mlinzi ambaye hakuna aliyemtaja kuwa mlinzi: majira. Ulichezwa kiangazi, karafuu zikiwa zimeuzwa, mvua ikisubiriwa. Mvua ilipokuja watu walikwenda mashambani na fahali akapumzika miezi mingi. Hakuna daktari wa mifugo aliyepanga ratiba hiyo, lakini ilimpa mnyama sehemu kubwa ya mwaka bila kitambaa usoni. Mtalii hana majira hayo. Likizo yake ni Julai au ni Desemba, ana siku chache, na angependa kuona. Akilipa vizuri, mchezo utapangwa Julai. Akilipa vizuri zaidi, utapangwa kila wiki. Fahali aliyesimama tu, kama yule niliyemwona mwanzoni asiyejali kitambaa, atamfanya mgeni aone hela yake imepotea, na kutakuwa na mtu pembeni wa kumchoma kwa kijiti ili achangamke. Wanawake wataimba kwa saa iliyopangwa na mwongoza watalii. Dua ya mvua itaombwa wakati hakuna anayeingoja mvua. Kwa mkondo huo, kitakachobaki cha Kipemba katika mchezo ni jina, na kitakachobaki cha fahali ni kamba.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni ya watu wenye shida ya kweli. Pemba haina wageni wengi kama Unguja. Kijana wa Kengeja anayesikia hoteli za Nungwi zikijaa ana haki ya kuuliza kisiwa chake kitauza nini. Ningemjibu kwamba kina Pujini, magofu ya ngome inayohusishwa na mtawala wa zamani Mkama Ndume. Kina msitu wa Ngezi, kina popo wakubwa wa Pemba wasiopatikana mahali pengine duniani, kina matumbawe na karafuu yenyewe. Hivyo vyote mgeni anaweza kuvilipia bila kiumbe kufungwa shingo. Na mchezo, wenyeji wakiamua kuendelea nao, waucheze katika majira yake, kwa ajili yao, mgeni akikaribishwa kama mgeni na si kama mteja. Afisa mifugo awepo. Fahali apate kivuli na maji, zamu yake iwe fupi, na anayeelekea kwenye miti mara ya kwanza aachwe aende, mwingine aletwe au mchezo uishe. Zumari na nyimbo zinaweza kuendelea mpaka usiku bila yeye.

Mimi sikutoa hela, na sitarudi kuutazama. Sisemi hivyo kwa kujiona msafi kuliko kijana aliyekwepa pembe kwa ustadi ule. Nasema kwa kuwa niliuona upenyo kati ya miti, nikamwona fahali akiuona, na baada ya hapo sikuweza tena kuusikia wimbo.

Huku nyumbani suala hili linatusubiri. Kagera sasa inataka wageni, na inastahili kuwapata: hifadhi za taifa za Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilitangazwa mwaka 2019, na tamasha la Ijuka Omuka limekuwa likiwaita wana Kagera warudi Bukoba mwezi Desemba kukumbuka kwao. Kila panapotafutwa vivutio, hatimaye mtu hukumbuka wanyama. Ng'ombe wetu wenye pembe ndefu ni wazuri mno, na siku moja mtu ataona itapendeza wakipiganishwa au wakikimbizwa mbele ya jukwaa. Kabla ya siku hiyo, naiomba kamati ya tamasha na halmashauri zetu, Muleba ikiwemo, ziamue kwa maandishi kwamba ng'ombe watakuja kuonyeshwa wakiwa wametulia, na wachungaji wao pembeni, wageni wakielezwa jinsi samadi inavyolisha mgomba na wakionjeshwa maziwa. Na waamue pia juu ya yale malori: yakaguliwe mnadani kabla hayajaondoka, idadi ya ng'ombe kwa kila lori iandikwe, na anayempinda mkia ng'ombe aliyeanguka atozwe faini pale pale, mbele ya wenzake.